Kontroli Boksi Lisiloogopa Marashi

Mama mkwe wangu mpenzi,

Shikamoo. Najua ungeitika kupitia kwa mtu mwingine, au kupitia kwa gari, nami ningetazama chini mpaka umalize kuitika. Leo hupo, kwa hiyo nakuandikia moja kwa moja, najiona kana kwamba nimeingia chumbani kwako bila kubisha hodi. Nisamehe. Katika miaka yote niliyoishi nyumbani kwako pale Ngamiani, hatukuwahi kukaa mimi na wewe tukazungumza hata robo saa. Na sasa nina maneno ya kujaza daftari.

Nianze na habari uliyokuwa ukiingojea. Nimechagua. Boksi la kuongoza injini ya gari letu, Bi Mdogo, limepatikana na limefungwa mahali pake. Lakini siwezi kukueleza kwa nini nimechagua hili, tena hili ambalo mafundi wenzangu wananicheka, kabla sijakiri uongo niliokuambia kuhusu boksi la kwanza. Uongo ule niliusema kwa mapenzi, Mama, na ndio ulioninyima sauti yako mpaka siku ulipofumba macho.

Ulijua kwamba nilihamia kwako shingo upande. Mwanamume kuishi ukweni! Na mimi mtu wa Muheza, ambaye baba yangu alikuwa na michungwa yake na kibaraza chake, nililiona ni jambo la kujificha uso. Lakini baba mkwe alikuwa amefariki, ulibaki peke yako, na Mwanaisha ndiye mtoto wako pekee. Tukaja na mabegi yetu na lile gari langu dogo la Kijapani ambalo lilikuwa halitembei. Siku ile ulisimama mlangoni ukitazama vijana wa mtaani wakilisukuma kuingia uani, kisha ukamwambia Mwanaisha, kwa sauti ya kuhakikisha nami nasikia: "Ala! Mumeo kaja na mke wa pili." Hapo hapo ukampa jina, na jina likashika. Bi Mdogo.

Wewe ulikuwa mkwe wa kizamani. Hukunitazama usoni, hukula nikiwapo, na kabla ya kupita uani ulikohoa ili niinamishe kichwa. Mimi nami nilifunzwa hivyo hivyo kwetu. Taabu ni kwamba Mwanaisha alishinda shuleni akifundisha, na mimi kazi yangu ya kutengeneza majokofu naifanyia hapo hapo uani, hivyo mtu wa katikati wa kutufikishia maneno hakuwapo. Siku tatu tulikaa kama mabubu. Siku ya nne ulitoka jikoni, ukasimama upande wa pili wa gari, ukaliambia: "Bi Mdogo, mwambie huyo bwana chai i tayari, na mihogo inapoa."

Nikajibu na mimi kwa gari: "Bi Mdogo, mwambie Mama ahsante, nanawa mikono."

Basi yakawa ndiyo mazungumzo yetu. Habari za msiba, za ugeni, za maji kukatika, zote zilipita kwa Bi Mdogo. Hata kunigombeza ulinigombeza kwa njia yake. "Bi Mdogo, mwambie mwenzio hapa kuna watu wanatembea peku, hiyo misumari yake aipeleke kwao." Nilipiga magoti nikaiokota mmoja mmoja, nikicheka peke yangu chini ya gari, na nadhani ulinisikia.

Hukuniuliza kwa nini mtu wa majokofu atake gari lenye turbo. Ungeniuliza ningeshindwa kujibu. Niliipata kwenye gari lililokuwa linabomolewa, nikaitazama ile feni yake ndogo ya kusukumia hewa kwenye injini, nikaipuliza kwa mdomo ikazunguka, na tangu hapo sikulala nikaridhika mpaka niione imefungwa kwenye kitu kinachotembea. Nikaiunda injini upya kwa mikono yangu, nikachomelea mabomba ya hewa, nikaifunga. Hayo yote niliyaweza. Lililonishinda ni kuchagua boksi.

Mara ya kwanza nilifanya haraka. Gari lilikuwa na boksi lake la kiwandani, ambalo kazi yake ni kupima petroli inayoingia na kupanga cheche za plagi. Boksi lile halikuwahi kusikia habari za turbo. Badala ya kulibadilisha, nilichomeka kidude kidogo cha kulidanganya, kinachokaa kati ya boksi na sensa, vile vipimo vya injini, na kulipelekea habari zisizo za kweli, ili limwage petroli zaidi bila kujua sababu. Chande, rafiki yangu wa gereji, alinisifu. Nikajiona nimemaliza.

Ndipo ikaja ile safari ya kwenu Mwera, harusi ya mpwa wako. Ulikaa nyuma na Mwanaisha, umejitanda kanga mpya, na ulikuwa na furaha kwa sababu ya ule mluzi wa turbo. "Anapiga mbinja huyu, kama mhuni," ulisema, na nikakusikia ukicheka. Kabla ya Pangani, kwenye mwinuko, nikakanyaga mafuta. Injini ikaanza kugonga, sauti ya kokoto ndani ya kopo. Niliondoa mguu mara moja.

Tulipofika kivukoni na pantoni iko ng'ambo, nikafungua boneti nikasimama nikiitazama injini nisijue la kufanya. Ukashuka. Ukaja ukasimama upande wa pili, ukaweka kiganja karibu na chuma kuonja joto lake.

"Bi Mdogo, hebu niulizie. Kilichokuwa kinagonga ni nini?"

Nikalieleza gari, nawe ukisikiliza. Nilisema turbo ni kama mtu anayepepea jiko la mkaa. Ukipepea sana, moto unapanda, na kama sufuria ina maji kidogo, wali unaungua. Boksi ni mpishi. Huyu wetu alitia maji kidogo kwa sababu haambiwi kwamba jiko linapepewa.

"Haambiwi? Mbona haambiwi?"

Nikasema nimeweka kidude cha kumdanganya.

Ukasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo. "Bi Mdogo, mwambie mwenzio sikupandi tena mpaka uache kuongopewa. Na huyo mpishi atakayemleta, amuulize kama anaonja."

Anaonja! Mama, mimi nilikuwa nimesoma kurasa na kurasa kwenye simu, nimelinganisha maboksi kwa idadi ya waya zake na kwa rangi za picha zake, na swali la maana kuliko yote umeniuliza wewe, umesimama kwenye mchanga wa kivukoni na ndala zako mkononi. Kwa maana ipo sensa inayokaa kwenye bomba la moshi, inaunusa moshi na kuliambia boksi kama petroli imezidi au imepungua, ili boksi lijirekebishe. Kidude changu hakikuwa na mahali pa kuichomeka. Mpishi wangu alikuwa haonji.

Tuliporudi Tanga nikaking'oa. Nikaanza kuchagua kwa adabu.

Unakumbuka wiki zile, mimi na Chande barazani, karatasi zimetapakaa? Chande alitaka boksi la tayari, lililozibwa kiwandani, ulichomeke ukaendelee na maisha yako. Mimi nikakataa katakata. "Kitu kisichofunguka si kitu," nilimwambia. "Kikifa utakifanya nini? Utakizika?" Maisha yangu yote nimeyaendesha kwa kufungua vitu ambavyo wengine wamekwisha kuvitupa. Nilitaka kibao kitupu cha sakiti, cha kulehemu mwenyewe, kila kipande nikijue kwa jina, na kikiharibika nikitoe kipande kimoja nitie kingine. Ulikuwa nyuma ya pazia la mlango, na mara kwa mara sauti yako ilitoka: "Bi Mdogo, huyo mpishi wanayemsema, anaonja?" Chande hakuizoea ile hali, alikuwa akigeuka kutazama gari.

Anaonja, nilisema. Kibao kile kilikuwa na mahali pa kuonjea, na pa kuongoza feni ya kupoza injini, na pa kuongoza turbo yenyewe, na nafasi zimebaki. Nikakiagiza. Kililetwa na mtu aliyetoka nacho Mombasa, kikavuka mpaka pale Horohoro ndani ya mfuko wa nguo za mtoto.

Nililehemu barazani karibu mwezi mzima, kila nikipata nafasi. Vipande vingine vilikuwa vidogo kuliko punje ya ufuta. Jua la alasiri lilikuwa linanipiga machoni, na siku moja nilirudi kutoka kuswali nikakuta umetundika kanga kati ya nguzo mbili, ile nyekundu yenye mikorosho. Hukusema neno, wala kwa gari hukusema. Kila siku baada ya adhuhuri ilitundikwa na kila magharibi ikaanuliwa. Nilikuwa nafanya kazi chini ya kivuli chako, Mama, na hilo nalo sikukushukuru inavyostahili.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Kibao kilikuwa kimekamilika. Nilikiweka juu ya stuli barazani, kifuniko wazi, nimekichomeka kwenye betri na kwenye kompyuta, taa yake ndogo ya kijani inawaka, na kwenye kioo namba zinahesabu kama zilivyotakiwa. Nilifurahi mpaka nikapiga kelele. Nikamwita Mwanaisha aje aone, hakuwa amerudi. Basi nikakiacha kinafanya kazi, nikatoka kwenda kununua waya dukani, karibu tu.

Wewe ulisikia ile kelele yangu ya furaha. Na nyumbani kwako kitu kipya hakikukaa hivi hivi. Cherehani ya Mwanaisha, jokofu nililolifufua, hata ndoo mpya ya maji, vyote vilipokelewa kwa udi na marashi na dua. Niliporudi, harufu ilinipokea uchochoroni: udi, waridi, na nyuma yake harufu ya tatu ambayo fundi yeyote anaijua hata akiwa usingizini.

Ulikuwa umesimama karibu na stuli, chetezo chini miguuni pako, mrashi wa fedha mkononi. Kibao kinang'aa kwa matone. Taa ya kijani imezimika, na kwenye pembe moja pameanza kuwa peusi.

Na ulinitazama. Mama, ulinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yako, na hukulisemesha gari. Ulisema: "Nimeshakuombea dua, mwanangu. Hakitakusumbua tena."

Ningesema nini? Niambie wewe. Mwezi mzima wa kazi umekufa pale juu ya stuli, na mimi machozi yalinijia, lakini hayakuwa ya kibao. Uliniita mwanangu. Nikakuinamia nikasema, "Ahsante, Mama. Amina." Ukaondoka na chetezo chako, mwendo wa mtu aliyetimiza jambo. Nikasubiri uingie ndani, ndipo nikauchomoa waya wa betri.

Nilijaribu kila nililolijua. Nilikisafisha kwa spiriti, nikakianika, nikabadilisha vipande. Kilichoungua ndani kabisa, kipande kile kikuu, hakikuwa cha kubadilishwa kwa mkono wangu. Chande alipouliza, nilimwambia mbele ya watu barazani, kwa sauti kubwa ili nawe usikie na usiwe na shaka: "Kimekufa chenyewe. Mali mbovu. Nilichagua vibaya." Chande akapata la kusema kwa wiki nzima. Fundi kakataa la tayari, fundi kajifanya mjuzi. Nilicheka nao. Nilidhani nimekustiri, na nilijiona mkwe mwema.

Kibao nikakitupa kwenye ndoo ya takataka. Bi Mdogo nikamfunika turubai.

Kuanzia siku ile hukunitazama tena usoni. Mambo yakarudi kwa gari, tena kwa ufupi: chai i tayari, mgeni yupo, basi. Nilijiambia kwamba ile siku ulijisahau na sasa umerudi kwenye heshima yako. Nilipoleta kabati jipya ulitoka na mrashi mpaka mlangoni, ukasimama, ukarudi nao ndani. Nikadhani umechoka. Hata siku aliyotolewa nje mjukuu wako Nuru, akiwa na siku arobaini, mrashi ulishikwa na shangazi yake, nawe ulikaa pembeni mikono mapajani. Hilo lilinichoma, lakini sikuuliza. Ningeuliza kwa gari lililofunikwa turubai?

Kuna jambo moja tu ulilokuwa ukilisema mara kwa mara. Ulipita karibu na lile turubai, ukalipigapiga kwa kiganja: "Bi Mdogo, utanipeleka lini Mwera?" Nami nikajibu, "Bi Mdogo, mwambie Mama bado nachagua." Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli. Sikuwa nachagua. Nilikuwa naogopa. Nilijua kwamba nikileta kibao kingine utatoka na mrashi wako, na nitalazimika ama kukuzuia, ama kukuacha ukiue na hicho. Basi nikaahirisha mwezi hadi mwezi, mwaka hadi mwaka, na wewe ukaumwa, na ukaenda Mwera ndani ya gari la kukodi, umelala, umefunikwa. Nilikaa mbele karibu na dereva sikugeuka nyuma. Njia nzima hapakuwa na mluzi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Baada ya hitma, Mwanaisha alifungua kasha lako kugawa nguo. Akaniita chumbani kwako. Nilisita mlangoni, kwa mazoea, mpaka akanivuta mkono. Alikuwa ameshika kanga nyekundu yenye mikorosho, imefungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na kibao changu. Nilikileta puani. Mpaka leo kinanukia waridi.

Mwanaisha akalia, kisha akanieleza yote kwa sababu sasa ameachiwa ulimi. Kwamba ulijua. Ulijua jioni ile ile, ulipoona nakisafisha kwa pamba nikidhani umelala. Kwamba ulikiokoa kwenye takataka, ukakipeleka kwa Chande gerejini kwa mguu, mwendo wote ule, ukamuuliza kama kuna dawa yake, ukamwapiza asiniambie. Chande! Yule mwenye mdomo kuliko wote alinyamaza miaka yote hiyo kwa ajili yako, na akaendelea kunicheka ili nisishuku. Na kwamba ulimwambia Mwanaisha: "Mkono wangu hauna heri kwa vitu vya mumeo. Sivigusi tena. Na mtoto wake sitamnyunyizia."

Nilikaa chini sakafuni, Mama. Nilikuwa nimekudanganya ili nisikuumize, nawe ukanyamaza ili usiniaibishe, na katikati ya adabu zetu mbili ukaondoka duniani ukiamini una mkono wa nuksi. Wewe! Mkono ulionitundikia kivuli mwezi mzima.

Laiti siku ile ningetazama juu na kusema, "Mama, kimekufa, ni maji hayo, wala hukujua. Dua nimeipokea." Maneno machache tu. Tungecheka. Ungeliambia gari kwamba mwenzio hajui kufunika vitu vyake. Na ungekuwa na haki, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nani anaacha umeme wazi juu ya stuli katika nyumba ya Kiislamu?

Wiki iliyofuata nikatoa turubai, nikaanza kuchagua upya. Safari hii nilikuwa na masharti mawili. La kwanza, liwe linaonja. La pili nililiweka moyoni.

Nilimpigia simu muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Nikamuuliza habari za plagi, za nozeli, za sensa ya moshi, akanijibu vizuri. Mwisho nikamuuliza, "Likimwagiwa majimaji likiwa linafanya kazi?"

"Maji ya namna gani, mzee? Mvua?"

"Marashi."

Nikamsikia akifunua karatasi. Kisha akasema lipo moja limejazwa utomvu mgumu ndani, sakiti yote imezama humo, na plagi za waya zake zina mipira ya kuzuia maji. Ukitaka litie ndooni. Ila halifunguki, alisema. Likifa limekufa.

Chande alipoliona aliniwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa. "Wewe? Wewe uliyesema kitu kisichofunguka si kitu?" Tena lina nafasi chache kuliko kile kibao. Feni imebidi niitafutie njia yake pembeni, na turbo yenyewe inadhibitiwa kwa springi ya kizamani. Kwa hesabu ya ufundi nimechagua pungufu. Watu nikawaambia ni kwa sababu ya chumvi ya bahari, hapa Tanga chumvi inakula kila kitu, na wakanielewa. Chande alinitazama muda mrefu. Akasema tu, "Sawa. Chumvi." Naye akaenda kukaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa.

Jana baada ya swala ya alasiri mimi na Chande tulikuwa tayari. Nililiacha boksi juu ya stuli ile ile, pale pale barazani, waya zake ndefu zimefika mpaka kwenye injini. Nikawasha umeme. Namba zikatembea kwenye kioo. Nikamwambia Mwanaisha alete mrashi wako.

"Wa nini?"

"Ulete tu, mke wangu."

Aliutoa ndani akiushika kwa mikono miwili. Nilipoupokea, ulikuwa mzito. Ulikuwa na marashi bado, Mama. Hakuna aliyeutia kitu tangu ulipoufunga mwenyewe na kuuweka kashani. Kwa hiyo baada ya siku ile ya Nuru ulikuwa umeyatia tena, ukayaweka, na hukuthubutu kuyamwaga.

Chande akasema, "Limewaka hilo, wewe mtu!" Nami nikanyunyiza. Sikubana mkono. Nilinyunyiza boksi, waya, plagi, mpaka matone yakachuruzika kwenye miguu ya stuli na barazani pakalowa. Halafu tukasubiri, watu wazima watatu tunatazama kompyuta kama tunaotazama mgonjwa. Namba hazikutikisika. Hata moja.

Nikageuza ufunguo. Injini ilikohoa mara mbili, ikawaka. Ikaunguruma vibaya kidogo, kisha nikaona boksi linaonja na kurekebisha, linaonja na kurekebisha, mpaka ikatulia. Nikakanyaga kidogo. Mbinja ikapigwa, ile ya kihuni uliyoipenda. Uani kote kulinukia petroli na waridi, na Mwanaisha ameegemea nguzo ya kanga analia na kucheka pamoja.

Yamebaki marashi kidogo. Nimemwambia Mwanaisha asiyaguse. Ijumaa tutakwenda Mwera kukusomea, na tutakapofika nitamkalisha Nuru karibu yako na nimnyunyizie hayo, ya mkono wako, aliyokuwa akiyadai tangu azaliwe.

Nilitaka kumalizia kwa kukuomba radhi uso kwa uso, lakini naona siwezi, kichwa kimeinama chenyewe. Acha nitumie njia yetu.

Bi Mdogo, mwambie Mama mkono wake ulikuwa wa heri siku zote. Mwambie chombo ki tayari. Mwambie haongopewi tena.

Mkweo,
mume wa Mwanaisha, na wa Bi Mdogo